Goli la Kuachiwa

Kumwachia mtu akufunge kwenye gemu la mpira ni kazi ngumu kuliko kumfunga. Ukifanya vibaya, anajua. Huwezi kumwacha kipa amesimama tu kama mlingoti. Inabidi uchelewe kidogo kubadilisha beki, nusu sekunde tu, mshambuliaji wake apite. Inabidi upige pasi yenye nguvu kuliko inavyohitajika, mpira utoke nje, halafu ujipige paja na kusema, "Dah!" Na inabidi umfunge mara mojamoja, asije akashtuka. Likizo yote ya Juni mwaka jana nilifanya kazi hiyo sebuleni kwetu Mbagala, na nikawa fundi.

Niliyekuwa namwachia ni mdogo wangu wa mwisho, wakati huo akiwa kidato cha pili. Tumepishana miaka 11. PlayStation yetu ni ya mtumba, na pedi moja ina kitufe kinachokwama. Kwa desturi ya nyumba yetu, pedi hiyo hupewa mgeni au mdogo. Siku za mwanzo za likizo nilimfunga kama ilivyo ada: tano, sita, siku moja nane. Hakulia, lakini alianza kutafuta visingizio vya kutocheza. Mama akaniita jikoni. "Wewe mtu mzima, unapata raha gani kumfunga mtoto kila siku? Mwachie naye afurahi."

Nikamwachia.

Mabadiliko yake yalipendeza kuyatazama. Alianza kunisubiri nirudi kutoka chuo. Alianza kunisalimia kwa majina ya makocha. Baada ya wiki mbili alikuwa ananifundisha: "Kaka, tatizo lako unaukimbilia mpira sana. Tulia." Niliitikia kwa unyenyekevu wa mwanafunzi, na moyoni nilijiona mtu mwema kabisa.

Mwisho wa likizo mama alimpa shilingi 20,000 apeleke twisheni. Njiani kuelekea huko kuna kibanda cha gemu. Kama hujawahi kuingia kwenye kimoja, ni fremu ya duka yenye pazia mlangoni, televisheni nne, mabenchi ya mbao, feni moja, na watazamaji wengi kuliko wachezaji. Unalipia kwa mechi, na mara nyingi makubaliano ni kwamba aliyefungwa ndiye analipa. Lakini kuna makubaliano mengine ambayo mwenye kibanda hujifanya hayaoni: mechi ya hela. Kila mmoja anaweka, mshindi anabeba. Mdogo wangu aliweka elfu tano dhidi ya kijana ambaye kazi yake, kwa maana kamili ya neno kazi, ni kukaa pale akisubiri watoto wanaojiamini. Akafungwa sita bila. Akaweka nyingine ili airudishe ile ya kwanza. Saa moja jioni alirudi nyumbani mikono mitupu.

Hakupigwa. Mama alinyamaza tu, na kwetu sisi kunyamaza kwa mama ni kukubwa kuliko kipigo. Usiku, taa zimeshazimwa, tukiwa kila mtu kitandani kwake, akaniuliza:

"Kaka, ulikuwa unaniachia?"

"Hapana," nikasema. "Leo tu hukuwa vizuri."

*

Nimeibeba sentensi hiyo kwa miezi mingi. Kuna njia rahisi za kuitua. Ya kwanza ni kusema kwamba kosa ni la mtoto: nani alimtuma kucheza kamari na hela ya twisheni? Ni kweli, na alipata adhabu yake. Ya pili ni ile ya rafiki yangu mmoja niliyemsimulia tukiwa kwenye foleni ya daladala: "Acha kujitesa, gemu ni gemu." Hiyo ndiyo iliyonisumbua zaidi, kwa sababu mimi ni mpenzi wa magemu na sijawahi kuamini kwamba gemu ni gemu tu. Kama ni gemu tu, kwa nini nilichukua tahadhari zote zile ili asijue?

Mwaka 1978 Bernard Suits, mwanafalsafa aliyefundisha Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada, alichapisha kitabu kiitwacho The Grasshopper. Alimchukua panzi wa hadithi ya Aesop, yule aliyecheza kiangazi chote wakati sisimizi wakihangaika kuweka akiba, akamfanya kuwa mwalimu wa falsafa. Hoja yake kwa ufupi ni kwamba kucheza ni kujitakia vikwazo visivyo vya lazima, kwa hiari, kwa sababu tu bila vikwazo hivyo hakuna mchezo. Chukua drafti. Kama shida yako ni kuziondoa kete za mwenzako ubaoni, unaweza kuzifagia kwa kiganja, sekunde moja imetosha. Hufanyi hivyo kwa sababu hutaki ubao mtupu. Unataka ubao uliokuwa mtupu kwa njia ile ngumu mliyokubaliana.

Kutokana na hapo Suits anawapanga waharibifu wa mchezo katika makundi. Yuko mdanganyifu: analitaka lengo lakini hazitaki sheria. Yuko mvurugaji: hataki sheria wala lengo, anapindua ubao. Na yuko wa tatu, ambaye watu wengi hawamhesabu: anafuata sheria zote, anasogeza kete zake kwa zamu yake, ila hana nia ya kushinda. Anafanya mzaha.

Nilipomsoma huyo wa tatu nilijiona. Sikuvunja sheria hata moja sebuleni kwetu. Kila goli alilonifunga mdogo wangu lilikuwa halali, lingepita mbele ya mwamuzi yeyote. Hata hivyo nilichokuwa nafanya hakikuwa mchezo, na ubaya wangu ulizidi mzaha. Mtu wa mzaha hajali matokeo. Mimi niliyajali sana: nilikuwa nayapanga. Leo apate tatu. Kesho nimbane kidogo, ashinde kwa shida, ndipo utamu uzidi. Keshokutwa nimfunge moja asishtuke. Pedi zote mbili zilikuwa mikononi mwangu. Yeye nilimwazima tu vidole.

Hapo ndipo nilipoanza kuutilia shaka wema wangu. Kumfunga mtu nane ni kumtawala, kila mtu anaona. Kumwachia ashinde nako ni kumtawala, tena zaidi, maana aliyefungwa nane anajua kilichompata na anaweza kuamka kesho akafanya mazoezi. Aliyeachiwa hana pa kuanzia. Ukuta anaoufanyia mazoezi ni pazia.

*

Nisijifanye hakimu, maana mimi mwenyewe niliwahi kuachiwa.

Nikiwa darasa la saba nilikuwa nakwenda kushinda kwa binamu zangu Mwananyamala, ambako kulikuwa na PlayStation 2 na diski ya Resident Evil 4. Gemu hilo la Capcom lilitoka mwaka 2005: unamwongoza kijana mmoja, Leon Kennedy, anayeingia kijiji cha kutisha huko Uhispania kumtafuta binti wa Rais wa Marekani. Kijiji cha mwanzo tu kilitushinda. Binamu zangu walikata tamaa, mimi nikaendelea. Nilikufa, nikafa tena, nikafa tena, na baada ya wiki kadhaa nikalimaliza. Kwa mtoto wa umri ule hiyo ilikuwa shahada. Nilipofeli hesabu sekondari, nilipokosa nafasi niliyoitaka, kuna sauti ndogo ilikuwa ikiniambia: wewe ndiye uliyemaliza Resident Evil 4, huyu ni adui mwingine tu.

Nikiwa tayari chuo kikuu nikasoma mahali jinsi gemu lile lilivyotengenezwa. Lina mizani ya siri. Ukifa mara nyingi, linapunguza ukali: maadui wanakuwa wachache au wanyonge zaidi, wanasita kukushambulia. Ukifanya vizuri, linakaza. Halikuwa la kwanza. Crash Bandicoot ya mwaka 1996 nayo ilikuwa ikimsaidia kimyakimya mchezaji aliyekufa sana, ikimpa kinga ya ziada au kumsogezea mahali pa kuanzia. Nilisoma hayo nikiwa nimesimama ndani ya daladala Barabara ya Kilwa, nikacheka peke yangu, halafu nikaacha kucheka. Nilihisi nimeibiwa kitu cha miaka mingi iliyopita. Yule niliyemshinda alikuwa ameshainama.

Lakini nikitulia, siwezi kusema gemu lile lilinidhulumu moja kwa moja. Bila huruma yake ningeishia kijijini pale pale pamoja na binamu zangu. Watengenezaji wana utetezi wao na una maana: mchezaji asichoke kwa wepesi wala asivunjike moyo kwa ugumu, ashikiliwe katikati, na katikati hapo ndipo watu hujifunza. Mwalimu mzuri wa hesabu hufanya hivyo hivyo, hakuanzishii kwenye swali la mwisho la mtihani. Kwa hiyo kosa haliwezi kuwa huruma yenyewe. Kosa, kama lipo, liko kwenye siri. Mwalimu anakuambia hili ni swali jepesi. Gemu liliniambia nimemuua adui yuleyule wa kila mtu.

*

Sasa fikiria mizani hiyo ya siri ikitoka mikononi mwa msanii anayetaka ufike mwisho wa hadithi, iingie mikononi mwa mtu anayetaka usifike mwisho kamwe.

Mwaka 2019 Epic Games walitangaza kwamba wanaingiza wachezaji bandia ndani ya Fortnite, ili wanaoanza wasichakazwe na wazoefu. Katika magemu mengi ya simu leo, mtu uliyemfyeka jana usiku ukiwa umelala chali kitandani, mwenye jina na bendera ya nchi yake, huenda hakuwa mtu. Ulimshinda kwa sababu alitengenezwa ili umshinde, ili kesho ununue bando urudi.

Na si magemu tu. Kuna aplikesheni za kujifunza lugha zinazopiga vigelegele kwa dakika tatu za kazi. Kuna zinazohesabu hatua zako na kukupa nishani kwa kutembea kutoka kituoni hadi nyumbani, safari ambayo ungeitembea tu hata ukiwa na hasira. Mikopo ya simu ndiyo inayonishangaza kuliko yote: ukikopa na kurudisha kwa wakati, ujumbe unaingia, hongera, kiwango chako cha kukopa kimepanda. Nimeona watu wazima wakionyeshana viwango hivyo kijiweni kama watoto wanavyoonyeshana hatua walizofika kwenye gemu. Wamepandishwa daraja katika shindano la kudaiwa.

Kisha kuna kubeti. Tanzania ina sheria ya michezo ya kubahatisha tangu mwaka 2003, ina Bodi ya kuisimamia, na umri wa chini ni miaka 18. Lakini sheria haiwezi kukaa ndani ya kichwa cha kijana anapopewa bonasi ya kumkaribisha, akawekea timu mbili, mkeka ukatiki. Ushindi huo wa kwanza aliupata kwa hela ambayo hata si yake, na ndio anaoubeba kama cheti. Mwanasaikolojia B. F. Skinner aliwafanyia majaribio njiwa waliodonoa kitufe wapate punje. Punje zikija bila mpangilio unaotabirika, njiwa hudonoa kwa bidii zaidi, na huendelea kudonoa muda mrefu hata zikikatwa kabisa. Simama jioni karibu na dubwi lolote la mtaani, utazame mkono unaotumbukiza sarafu za mia mbili, halafu uniambie kama umemwona mtu au njiwa.

Mfano wa kinyume ninaoupenda unatoka Vietnam. Dong Nguyen, kijana wa Hanoi, alitengeneza gemu dogo la ndege anayepita katikati ya mabomba, Flappy Bird. Gemu lile halikumwachia mtu yeyote kitu chochote. Uligusa bomba, umekufa, anza sifuri. Lilipendwa kupita kiasi, likaripotiwa kumwingizia takribani dola 50,000 kwa siku kutokana na matangazo. Februari 2014 akaliondoa sokoni mwenyewe, akieleza kwamba watu walikuwa wamelikamata kama uraibu. Kwa hiyo ukali peke yake si kinga, gemu lisilo na huruma nalo linaweza kukufunga kamba. Ninachomheshimu Nguyen ni kwamba alipoona mchezo umeacha kuwa mchezo kwa walioucheza, alisema hivyo mbele ya watu, na akalipa gharama yeye.

Mimi nilipoona hivyo, gizani, kitanda kwa kitanda, nilisema "Hapana."

Bila shaka kuna tofauti kati ya kaka na kampuni. Kampuni inakuachia ili ikuvune. Mimi nilimwachia kwa sababu nampenda. Lakini ukimfuata mdogo wangu kutoka sebuleni hadi kwenye lile benchi la kibanda, tofauti hiyo inazidi kufifia kila hatua. Alipoweka elfu tano mezani, aliiweka kwa kipimo alichopewa nyumbani. Kipimo kilikuwa cha uongo. Nia njema ya aliyekichonga haikuzuia hata goli moja kati ya yale sita.

*

Kwa hiyo tufungane nane nane mpaka dunia iishe? Hapana. Jibu lilikuwa mtaani kwetu siku zote, nalipita nikienda kununua mkate.

Chini ya mwembe, jirani na banda la fundi baiskeli, kuna kijiwe cha drafti. Ubao ni kipande cha plywood kilichopakwa rangi, kete ni vizibo: vya soda upande mmoja, vya bia upande mwingine. Bingwa wa pale ni mzee mmoja aliyestaafu udereva wa malori. Akija mgeni, mzee hamwachii. Anafanya jambo jingine: kabla ya mchezo kuanza, mbele ya kila mtu, anatoa kete zake mbili au tatu kati ya kumi na mbili na kuziweka pembeni ya ubao. "Hizi hazipo," anasema. Halafu anacheza kwa nguvu zake zote. Ukianza kumfunga akiwa na kete tisa, mchezo unaofuata anarudisha moja. Ukimfunga na kumi, anarudisha nyingine. Siku anayokaa na kete zote kumi na mbili mbele yako hasemi kitu, lakini kijiwe kizima kinajua, na wewe unakwenda nyumbani ukiwa mrefu zaidi.

Huko Asia ya Mashariki mchezo wa Go una desturi ya namna hiyo hiyo: anayezidiwa huanza akiwa na mawe kadhaa tayari ubaoni, na idadi ya mawe inataja wazi umbali uliopo kati ya wachezaji. Ni huruma iliyo na namba. Unajua umesaidiwa, unajua umesaidiwa kiasi gani, na kwa hiyo unajua umebakiza nini.

Kizazi chetu kinakumbuka jambo linalofanana na hili kwa ukubwa wa nchi. Februari 2013 yalitoka matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, zaidi ya nusu ya watahiniwa wakapata daraja sifuri. Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume, na Mei mwaka huo serikali ikayafuta matokeo yale na kuagiza yapangwe upya kwa utaratibu uliotumika mwaka 2011. Mitaani watu walibishana: hawa wamefaulu au wamefaulishwa? Ubishi ule ulikuwa mkali na wenye maumivu, lakini uliwezekana kwa sababu kete zilitolewa ubaoni mchana kweupe. Kila mtu alijua kipimo kimebadilishwa, na kila mtu angeweza kupima mwenyewe kama mabadiliko yale yalikuwa ya haki. Kibaya zaidi kingekuwa namba kuongezwa chumbani, na kijana akapewa cheti asichojua kina maana gani.

Mama, nilipomweleza haya, hakukubali. "Ulipokuwa na miaka minne ulikuwa unasema nikukimbize. Ningekukimbiza kweli, ungepona?" Ana haki. Hakuna mzazi anayemkimbiza mtoto wa miaka minne kwa spidi yake halisi, na hakuna aliyedhurika. Nimefikiria sana tofauti iko wapi. Naona mtoto yule hakuambiwa kwamba ana mbio kuliko mama yake. Mchezo wao si kushindana. Ni kukimbia, kupiga kelele na kudakwa. Akikua kidogo siku moja atauliza, "Mama, unakimbia kweli?" Siku hiyo mchezo umebadilika jina, umekuwa shindano, na kuanzia hapo anadaiwa jibu la kweli. Mdogo wangu aliuliza akiwa na miaka 15. Alikuwa amechelewa kuuliza, nami nikamcheleweshea jibu zaidi.

Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Tumezoea kuitumia methali hiyo kumkemea anayenuna. Lakini isome tena: ili mtu akubali kushindwa, lazima kushindwa kuwepo. Nilimnyima mdogo wangu kitu cha kukubali.

*

Desemba, likizo nyingine, nilimwambia. Nilichagua saa mbaya, anaosha vyombo. Nikasema likizo ile ya Juni nilikuwa namwachia, na kwamba usiku ule aliponiuliza nilidanganya. Hakugeuka. Aliendelea kusugua sufuria.

"Zote?"

"Siyo zote."

"Ipi ulikuwa huniachii?"

Nilikuwa sijajiandaa kwa swali hilo. Ipo mechi moja naikumbuka: tatu mbili, goli la mwisho la frikiki iliyopinda juu ya ukuta, nilipigana kweli na alinifunga kweli. Nikamweleza. Aliisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sawa," kwa namna ambayo mtu husema sawa kwa muuza duka asiye na chenji. Hakuniamini, na hakuwa na sababu ya kuniamini. Hapo ndipo nilipoona ukubwa wa nilichofanya. Nilidhani nimempa ushindi mwingi wa bandia, kumbe pamoja na huo nilimnyang'anya ule mmoja wa kweli. Shilingi bandia ikiingia kwenye mfuko, hata zile halali unazitoa ukiziinua juu, ukizitazama kwenye mwanga.

Elfu ishirini ya mama nilimrudishia kutoka kwenye posho yangu. Ile frikiki sina cha kumrudishia.

Siku hizi tunacheza kama yule mzee wa drafti. Mechi ikianza naweka pedi yangu chini, mikono hewani, mpaka afunge mawili. Halafu naiokota, ile yenye kitufe kinachokwama, na nacheza kwa nguvu zangu zote. Mwanzoni alikuwa akifungwa nne mbili, tano mbili, na alikuwa akinuna, na mama alikuwa akinitazama vibaya kutoka mlangoni. Baada ya muda ikawa tatu tatu. Kisha siku moja kabla hatujaanza akasema, "Leo nianzie moja."

Jumamosi iliyopita alikataa hata hiyo moja. Sifuri kwa sifuri, pedi tulirushia shilingi. Alinifunga mbili moja, goli la pili dakika ya 88. Mpira ulipoingia wavuni hakuruka wala hakupiga kelele. Aligeuza shingo akanitazama usoni, muda mrefu, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

Sikusema kitu. Kitu gani ningesema kikaaminika?

"Tena," akasema.

Tukaanza.